Tungule za ndoo na jua la Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bara waziita nyanya, sisi huku pwani twaziita tungule. Nazipanda kwenye ndoo na magunia juu ya dari, yaani paa tambarare, ya nyumba yetu mtaa wa Tudor, na kila msimu majirani hupanda ngazi kuuliza yale yale: jua. Ushauri mwingi wa vitabuni umetoka nchi za baridi, ambako mkulima hulitafuta jua. Hapa Mombasa jua laja lenyewe hadi mlangoni. Kazi yako ni kuchagua jua la saa ngapi, na kuukinga mzizi usipikwe ndani ya ndoo. Nimeyajibu maswali hayo nikifikiria mtu mwenye roshani, nafasi kando ya ukuta au kipande cha dari, si mwenye shamba.

Tungule yahitaji jua kwa saa ngapi kwa siku?

Jua la moja kwa moja, lile linalotoa kivuli chenye ukingo mkali, kwa saa 6 hadi 8. Jani hutumia mwanga kutengeneza sukari, na tunda ndilo linaloila sukari hiyo. Mwanga ukipungua, mmea hujilisha wenyewe kwanza: hurefuka, shina huwa jembamba, majani huwa makubwa na laini, na maua machache yanayotokea huanguka.

Lakini kipimo hicho kisikutie hofu. Jua letu ni kali kuliko la Ulaya. Kati ya Desemba na Machi, saa 5 au 6 za jua la asubuhi, kisha kivuli chenye mwanga mpaka jioni, hunitosha kabisa. Wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini katikati ya mwaka, mawingu yanapokuwa mengi na joto limepungua, naziacha juani siku nzima. Aina za tungule ndogo ndogo, zile za ukubwa wa zabibu, huvumilia upungufu wa jua zaidi ya zile kubwa.

Ukiwa na chini ya saa 4 mwaka mzima, panda mchicha, dania au mnaanaa mahali hapo. Si kwamba hujui kulima, ni mahali tu pamekataa.

Nitajuaje mahali pangu pana jua kwa saa ngapi?

Chukua siku moja ambayo huendi kazini. Kuanzia saa moja asubuhi, kila saa tazama pale unapotaka kuweka ndoo na uandike: jua au kivuli. Fanya hivyo hadi saa kumi na moja jioni, kisha hesabu. Wengi hukisia, na wengi hukosea, kwa kuwa mahali penye mwanga mwingi huonekana pana jua kumbe ni ukuta wa jirani tu unaong'aa.

Rudia mara mbili kwa mwaka, mara moja karibu na Juni na mara moja karibu na Desemba. Majibu hayatafanana, na sababu yake iko kwenye swali linalofuata.

Roshani yangu yaelekea upande gani, na yabadilisha nini?

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la mchana haliko upande mmoja mwaka mzima. Hupita utosini karibu na wiki ya pili ya Machi na tena wiki ya kwanza ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, saa za mchana, jua huwa limeegemea kaskazini. Kati ya Oktoba na Machi huwa limeegemea kusini.

Ili kuijua kaskazini si lazima uwe na dira. Makka iko karibu kabisa na mstari mmoja wa kaskazini na Mombasa, kwa hiyo kibla chetu, upande tunaoelekea kwa sala, ni kaskazini. Tazama mihirabu (kile kishubaka anaposimama imamu) ya msikiti wa mtaani kwako ilikoelekea, na huko ndiko jua la mchana litakakokuwa mwezi wa Juni na Julai.

Roshani inayotazama kibla basi hupata jua katika msimu wa kusi, na huo ndio msimu mzuri wa tungule mjini kwetu. Katikati ya Juni, jua la mchana huinama kama nyuzi 27 kutoka utosini. Kama dari ya roshani iko juu mita 2.7 kutoka sakafuni, jua laingia ndani kiasi cha mita 1.4 saa za adhuhuri. Lakini ukuta wa mbele ukiwa wa matofali hadi kiunoni, nusu mita ya kwanza itakuwa kivulini. Hivyo ndoo usiibananishe na ukuta. Irudishe nyuma kidogo, au iinue juu ya kiti kibovu. Ifikapo Desemba roshani hiyo hiyo haipati jua la moja kwa moja hata kidogo, na mwenye nyumba huanza kulaumu mbegu.

Inayotazama kusini ni kinyume chake: Desemba na Januari yapata jua la mchana, lakini ukanda wa jua haufiki mita moja kutoka ukingoni. Na miezi hiyo joto lapanda, kwa hiyo mimi siitilii maanani sana.

Inayotazama mashariki, upande wa bahari kwa wengi wetu, ndiyo ninayoipenda. Hupata jua tangu linapochomoza hadi karibu saa sita, mwaka mzima. Inayotazama magharibi hupata kuanzia saa saba, wakati ukuta na sakafu vimeshashika moto. Yawezekana kupanda pale, lakini kivuli chepesi cha kusaidia ni lazima.

Dari tupu hupata jua lote. Shida yake si mwanga, ni joto la zege.

Kwani jua la asubuhi na la alasiri si jua moja?

Mwanga wa saa tatu asubuhi na wa saa tisa alasiri walingana kwa nguvu. Kinachotofautiana ni joto la hewa, la ukuta na la udongo ulio ndani ya ndoo. Saa tatu udongo bado una ubaridi wa usiku na maji ya kumwagiliwa alfajiri. Saa tisa umekwisha kupikwa kutwa, maji yamepungua, na jani limefunga vitundu vyake ili lisikauke. Jani likifunga, hata ulimwagie mwanga kiasi gani, halitengenezi sukari ya maana.

Jua la asubuhi pia hukausha umande mapema. Unyevu wetu wa pwani ni mwingi, na magonjwa ya kuvu, kama ile mibaka ya kahawia inayoanza majani ya chini, hupenda jani linalokaa na maji muda mrefu.

Mimi hujipimia kwa kivuli changu. Kikiwa kifupi kuliko mimi, jua ni kali. Huanza saa tatu na kitu asubuhi hadi karibu na alasiri. Kati ya adhuhuri na alasiri ndio muda ambao, miezi ya kaskazi (Desemba hadi Machi), tungule zangu huwa chini ya kivuli.

Mbona maua yaanguka ilhali jua ni tele?

Swali hili huja sana Februari na Machi. Mmea waonekana mzuri, maua manjano tele, kisha shingo ya ua hugeuka rangi na ua hudondoka. Jua halijapungua. Joto ndilo limezidi.

Chavua ya tungule huharibika mchana unapozidi nyuzi 32 au zaidi na usiku unapobaki juu ya 24 hivi. Mombasa miezi hiyo hutimiza yote mawili: usiku hautulii, hata sisi twalala milango wazi. Na madhara huanza mapema, chavua ingali inaumbwa ndani ya tumba, wiki moja au mbili kabla ua halijafunguka. Ndiyo maana kuweka kivuli leo hakuyaokoi maua ya leo, huyaokoa ya wiki ijayo.

Vitu viwili husaidia. Kwanza, kivuli cha mchana na udongo wenye unyevu. Pili, kuutikisa mmea. Ua la tungule hujichavusha lenyewe, lakini lahitaji mtetemo ili chavua ianguke. Upepo hufanya kazi hiyo, pamoja na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Roshani iliyozungukwa na kuta haina upepo wala nyuki. Gonga kishada cha maua kwa kidole kati ya saa nne na saa sita, umande umekwisha kukauka na chavua haijanata.

Basi nipande lini?

Ukitaka jua na ubaridi wa usiku vikutane, sia mbegu katikati ya Aprili, hamisha miche mwishoni mwa Mei, upate maua Juni na Julai. Julai na Agosti usiku hushuka hadi karibu nyuzi 21, na hapo tungule hushika matunda kama zinazolipwa. Utaanza kuchuma mwanzoni mwa Agosti hivi.

Tatizo ni kwamba Aprili na Mei ni masika. Hapo ndipo faida ya ndoo: mvua ikishuka, sogeza chini ya mabati au barazani, ikikatika rudisha juani. Mwenye shamba hawezi hilo.

Urefu wa mchana hauna neno. Kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, na tungule hazingojei mchana mrefu wala mfupi ili zitoe maua.

Ndoo ya rangi gani, na ukubwa gani?

Ya lita 20, ile iliyokuja na rangi ya kupaka ukuta, ioshwe vizuri na kutobolewa matundu 6 au 8 chini. Ndoo ya lita 10 hukauka kabla ya adhuhuri, nawe uko kazini. Aina fupi zisizotambaa, kama Cal J na Roma, zatosheka na lita 20. Money Maker hupanda na kupanda, kwa hiyo ipe gunia au nusu pipa, na fito imara.

Rangi yahusu sana. Ndoo nyeusi ikipigwa na jua la saa nane, udongo ulio ubavuni huweza kupita nyuzi 40, na mizizi midogo myeupe iliyo pale hufa. Msimu wangu wa kwanza nilipanda kwenye mitungi myeusi ya mafuta. Kila mche ulikuwa na afya upande wa kibla na mizizi iliyokauka upande wa magharibi; niliiona nilipoitoa yote kwa huzuni. Tangu hapo natumia ndoo nyeupe, au naipaka chokaa, au naifunga gunia kuukuu na kulilowesha maji asubuhi. Ndoo zikipangwa karibu karibu pia hutiliana kivuli. Ile ya mwisho upande wa magharibi ndiyo ya kufunikwa.

Usiiweke juu ya zege moja kwa moja. Tanguliza vipande vya mbao au matofali mawili, hewa ipite chini. Na kabla ya kupanga ndoo darini, kumbuka kuwa moja iliyojaa udongo uliolowa yakaribia kilo 30. Zipange kando ya kuta zinazobeba nyumba, si katikati.

Juu ya udongo tandaza makumbi. Wauza madafu wanayatupa kila jioni, omba tu. Yachambue, yaloweke na kuyasuuza mara mbili tatu kwanza kwa sababu ya chumvi, kisha funika udongo unene wa vidole vitatu. Kwa kuukinga mzizi na jua, sijaona kitu bora kuliko hicho, na hakina bei.

Kivuli nikiweke vipi?

Neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua yatosha. Ile nzito ya asilimia 80 ni ya vitalu vya miche na mimea ya kivulini, itakupa majani matupu. Kama huna, leso (kanga) kuukuu ya rangi nyepesi ikifungwa kwenye fito mbili hufanya kazi ile ile. Makuti yaliyochakaa, yenye nafasi za kupenya jua, ni mazuri mno kwa sababu hayashiki joto na upepo wapita.

Mabati usiyaweke karibu na mmea. Yatoa kivuli, kweli, lakini yenyewe hugeuka jiko.

Kifunike upande wa juu na wa magharibi, uache mashariki wazi. Na ukumbuke kukiondoa kusi ikiingia. Nimeona watu wakiweka kivuli Februari na kukisahau mpaka Julai, kisha wakashangaa mazao ni haba.

Majani yajikunja au mmea wanyauka mchana. Ni jua?

Mara nyingi ndiyo, na si ugonjwa. Majani ya chini yakijiviringa kwenda juu kama sigara, yakabaki kijani na magumu kidogo, mmea wapunguza eneo la kupigwa jua. Uache. Ukinyauka saa nane na kusimama tena jua likitua, pia uache, ila chunguza udongo kwa kidole.

Lakini ukiwa bado umelala saa kumi na mbili asubuhi, na udongo una maji, huenda ni mnyauko wa bakteria. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona utelezi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ng'oa mmea, tupa na udongo wake, usiutumie tena kwa tungule, biringani wala pilipili.

Na yakiwa ni majani machanga ya juu yaliyodumaa, yenye kingo za manjano na kukunjamana, hicho ni kirusi kinacholetwa na inzi weupe. Kivuli hakitasaidia. Ung'oe kabla haujaambukiza mingine.

Tunda lina baka jeupe. Lingine limeoza kitako. Lingine mabega yake ni ya manjano.

Ni mambo matatu, na huchanganywa sana.

Baka jeupe au la kijivu, laini kama karatasi, upande uliotazama jua: hilo ndilo tunda lililoungua. Hutokea jani lililokuwa likilifunika limeondoka, aghalabu kwa mkono wa mwenyewe. Sehemu iliyobaki yalika kama kuvu haijaingia.

Mabega ya manjano au kijani kigumu yasiyoiva: joto. Rangi nyekundu ya tungule huundwa vyema kati ya nyuzi 20 na 25, na ikizidi 30 huzuilika, ndiyo maana tungule za Machi huiva na rangi ya chungwa.

Kitako cheusi kilichobonyea ni upungufu wa kalisi ndani ya tunda, na kwenye ndoo chanzo chake kwa kawaida ni maji ya kubahatisha: leo mafuriko, kesho kiangazi. Mmea mkubwa kwenye jua letu hunywa lita 2 hadi 3 kwa siku. Mpe nusu alfajiri na nusu jioni, kwenye udongo, si juu ya majani.

Nipunguze majani ili jua liyafikie matunda?

Hapana. Tunda haliivi kwa jua, huiva kwa joto la wastani na umri wake. Toa yale ya chini yanayogusa udongo na yaliyo na mibaka, na machipukizi ya kwapani kwa aina zinazotambaa. Mengine ndiyo mwavuli.

Miche yangu iliungua siku niliyoitoa nje. Kosa ni nini?

Haikuzoeshwa. Mche uliokulia dirishani una ngozi laini. Utoe nje saa moja hadi saa tatu asubuhi siku ya kwanza na ya pili, kisha ongeza saa moja kila siku kwa muda wa siku 7 hadi 10. Siku ya kuuhamishia ndoo fanya jioni, jua likishatua, upate usiku mzima wa kujituliza.

Na miche ikirefuka kama uzi hata kabla ya kutoa majani ya kweli, ilikosa mwanga tangu siku ilipochipua. Izike hadi karibu na majani unapoihamisha. Shina la tungule hutoa mizizi popote linapogusa udongo.

Nakaa Mji wa Kale, vichochoro ni vyembamba. Nina tumaini?

Chini kwenye kichochoro, kwa kweli, hapana. Panda darini, au uombe nafasi kwenye dari ya jamaa. Kama una nafasi kando ya ukuta yenye jua la saa 4 hivi, paka chokaa ukuta ulio mkabala, mwanga utarudi kwa mmea bila joto kali, nawe uchague tungule ndogo. Vioo na mabati ya kung'aa usitumie, huunguza.

Taa ya usalama ya usiku yaweza kusaidia?

Ni dhaifu mno. Haisaidii, na haidhuru. Ila usiwashe taa kali za kukuzia mimea usiku kucha, kwa kuwa tungule isiyopata giza kabisa hupauka majani.

Kingo za majani zimekauka kahawia, na kivuli nimeweka. Nini tena?

Onja maji unayomwagilia. Visima vingi vya kisiwani na kandokando ya bahari vina chumvi, na ndoo haina pa kuipeleka. Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki, wiki baada ya wiki, mpaka ionekane kama unga mweupe juu ya udongo. Watu hudhani ni jua limeunguza. Tumia maji ya mvua au ya bomba kila upatapo, na mara moja kwa wiki mbili mwagilia ndoo mpaka maji yatiririke chini kwa wingi, yaichukue chumvi hiyo. Walio karibu na ufuo, wakati wa kusi upepo huleta chumvi juu ya majani pia. Yasuuze kwa maji matamu asubuhi mapema ili yakauke kabla jua halijapanda.

Kunguru na joto vyanimaliza. Lazima ziivie juu ya mmea?

Si lazima. Tungule ikianza tu kuona haya, wekundu kidogo kitakoni, imeshapata kila inachokihitaji kutoka kwa mmea. Ichume asubuhi, iweke ndani kwenye karai penye kivuli na hewa, usiitie friji. Ndani ya siku 3 hadi 5 itakuwa nyekundu, na miezi ya joto itakuwa nyekundu zaidi kuliko ile uliyoiacha juani.